Somo letu: Karangamuntu, kadi ya kura na mfanyakazi



Katika somo lililopita tulieleza namna ya kusoma hati ya mshahara, na wengi wenu mlituletea zenu tuzisome pamoja. Safari hii tunawaomba mtoe mfukoni karatasi nyingine, nayo ni karangamuntu. Aliye nayo aishike mkononi wakati anasoma somo hili, au wakati anasomewa na mwenzake. Asiye nayo asione haya, maana somo hili ni lake zaidi kuliko la wengine.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu Gatete. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 22 hadi 31 Oktoba, wapiga kura waliandikishwa nchini mwetu kwa ajili ya uchaguzi wa 2025. Zilikuwa siku kumi tu. Mwenzetu mmoja, mama anayekamua mawese, hakwenda kujiandikisha siku za mwanzo. Tulipomwuliza alicheka, kisha akanyamaza. Baadaye alituambia ukweli: karangamuntu yake ilikuwa kwenye droo ya duka. Alikuwa amekopa unga na chumvi, na mwenye duka akataka rehani. Yeye hana saa wala redio wala baiskeli. Alichokuwa nacho ambacho mwenye duka alijua atakirudia ni kile kitambulisho.

Wenzake walichanga wakalipa lile deni, naye akaandikishwa siku ya mwisho. Lakini sisi viongozi wa tawi tulibaki na swali. Mama huyu hakukatazwa na mtu yeyote kupiga kura. Hakuna sheria iliyomfukuza wala askari aliyemzuia. Hata hivyo alikaribia kabisa kukosa kura yake kwa sababu ya kilo chache za unga. Ndiyo maana tukaona yafaa tujifunze jambo hili kwa mapana.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, yaani haki na ushahidi wa haki. Katiba ya Burundi inasema kwamba kura ni ya wote, ya usawa, ya siri, huru na ya wazi, na kwamba mpiga kura ni kila Mrundi aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa. Hiyo ndiyo haki. Haikutaja fedha, shule, wala shamba. Lakini ukifika mbele ya karani, yeye hawezi kuiona miaka yako wala uraia wako kwa macho. Anataka karatasi. Kwetu karatasi hizo huja kwa mfululizo: kitambulisho kinakuwezesha kuandikishwa, ukiandikishwa unapewa risiti, risiti inakufikisha kwenye kadi ya mpiga kura, na siku ya kura unafika na kadi pamoja na kitambulisho, na jina lako litafutwe kwenye orodha ya kituo. Kamba hii ikikatika mahali pamoja tu, haki yako iliyoandikwa katika Katiba inabaki nyumbani.

Sisi wafanyakazi tunayo historia ndefu na vitambulisho, na si historia nzuri. Wenzetu wa Kenya hadi leo huita kitambulisho "kipande". Neno hilo lilitoka wapi? Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915, ikaanza kuitumia baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake, na siku aliyoanza na kumaliza kazi. Karatasi iliwekwa ndani ya kijaluba cha bati, na watu wakakivaa shingoni kwa kamba. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuruhusu kuondoka, ulikuwa mtoro, na mtoro alikamatwa. Harry Thuku alipowakusanya wafanyakazi wa Nairobi kupinga kipande na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa mwezi Machi 1922, na umati uliokusanyika kumdai ulipigwa risasi, wakafa watu zaidi ya ishirini.

Sasa angalieni jambo hili. Mfanyakazi yule yule aliyejulikana kwa vidole vyake kumi hakuwa na kura hata moja. Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957, na hata hapo si wote. Ilibidi uwe na elimu fulani, au mapato fulani, au mali fulani, au utumishi serikalini, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Serikali ilimtambua vizuri sana mkata mkonge alipotoroka kazi. Ilipofika siku ya kura ikawa haimjui. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kitambulisho chenyewe ni kitu kizuri au kibaya. Tuulize kinatumika kumtafuta mtu kwa ajili ya nini. Majirani zetu wa Rwanda wanajua zaidi yetu: kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji ndilo lililosomwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994.

Kwetu Burundi, watu wazima walipiga kura kwa wingi tarehe 18 Septemba 1961, Umoja wa Mataifa ukiangalia, na chama cha UPRONA cha Louis Rwagasore kikapata viti 58 kati ya 64. Wazee wa Rumonge wanaokumbuka siku ile wamebaki wachache. Baada ya uchaguzi wa 1965 ilipita miaka mingi bila kura ya bunge, hadi 1982, tena ya chama kimoja. Ya vyama vingi ilirudi Juni 1993. Hatutasimulia yote yaliyofuata. Mnayajua, na mengine yalipita milangoni mwenu.

Tuje kwenye gharama. Watu wa mjini husema kitambulisho ni rahisi kupata, ada yake ni ndogo. Ada ni ndogo kweli. Lakini hesabu ya mfanyakazi wa kibarua si ya ada peke yake. Tuchukue mfano wa mtu wa mlimani anayelipwa kwa siku. Siku ya kwanza anakwenda kwa kiongozi wa mlima kutafuta maandishi ya kuthibitisha kwamba anajulikana, hamkuti. Siku ya pili anampata. Siku ya tatu anakwenda kupiga picha na kufika komini. Foleni ni ndefu, au aliyetakiwa kutia sahihi amekwenda kwenye mkutano. Siku ya nne anarudi. Hizo ni siku nne bila posho, pamoja na nauli na picha. Mwenye mshahara wa mwezi huomba ruhusa na mshahara wake unabaki pale pale. Wa kibarua analipa kwa chakula cha watoto. Sheria ni moja, lakini bei yake ni mbili.

Kina mama wanalipa zaidi. Kabla ya uchaguzi wa 2010 ilionekana wazi kwamba Warundi wengi, na hasa wanawake wa vijijini, hawakuwa na karangamuntu kabisa. Serikali, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikatoa vitambulisho bure kwa mamia ya maelfu ya watu. Jambo hili tunalisifu bila kusita, kwa sababu lilionyesha kwamba kizuizi kilikuwa bei na umbali, si uvivu wa watu kama wengine walivyokuwa wakisema. Lakini kampeni hupita, na wasichana wanaendelea kutimiza miaka 18 kila mwaka. Tena zipo nyumba ambamo karangamuntu ya mke inawekwa na mume pamoja na ya kwake, na mkigombana, mnaelewa wenyewe.

Halafu kuna maandishi yenyewe. Someni vitambulisho vyenu, ndugu. Wengi mtakuta mmeandikwa mmezaliwa "kama mwaka" fulani, bila siku wala mwezi. Wengine majina yamegeuzwa: Ramazani akawa Lamazani, Zaria akawa Zalia, Hawa akaandikwa Eva na karani aliyedhani anamsaidia. Katika maisha ya kila siku hatujali, tunaitika yote. Lakini orodha ya wapiga kura hupangwa kwa herufi, na mtu wa R hatafutwi kwenye L. Kuna na mambo ya mipaka. Mwenzetu wa Gatete aliyezaliwa zamani ameandikiwa mkoa wa Bururi. Mdogo wake aliyechukua kitambulisho baada ya 2015 ameandikiwa mkoa wa Rumonge, kwa maana mkoa huo uliundwa mwaka huo. Na tangu 2025, mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, sisi sote tuko mkoa wa Burunga. Ndugu wawili wa tumbo moja, hawajahama hata hatua moja, na karatasi zao zinawaonyesha kama wageni wa mikoa mitatu. Tusicheke sana. Karani mwenye nia njema atalielewa jambo hili. Karani mwenye nia nyingine amepata sababu.

Hapa Gatete, kama vile Mutambara na ufuko wote hadi Nyanza-Lac, lipo jambo zito zaidi, la waliorudi. Machafuko ya 1972 yalianza upande wetu huu, tarehe 29 Aprili, na waliokimbilia Tanzania walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka thelathini. Watoto walizaliwa huko, wajukuu pia. Karibu watu 162,000 walichagua kubaki wakakubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa 2014, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa huko. Zaidi ya 50,000 walirudi kuanzia 2008. Hao ndio tunaochuma nao michikichi leo, na Kiswahili chao ni kizuri kuliko chetu.

Mtu kama huyo hana cheti cha kuzaliwa cha hapa. Atathibitishwa na nani kwamba ni Mrundi wa Gatete? Na majirani, yaani mashahidi. Na shamba la baba yake linalimwa na nani? Mara nyingi na hao hao majirani, waliopewa au waliouziwa baada ya 1972, wengine bila kosa lao wenyewe. Basi shahidi akikiri kwamba huyu ni mtoto wa fulani wa hapa, amekiri pia kwamba shamba lina mwenyewe. Ndiyo sababu tumeona watu wema kabisa, wanaosali na kusaidia misiba, wakipatwa na usahaulifu mbele ya meza ya komini. Karatasi ya kura na karatasi ya ardhi zimefungwa kwa uzi mmoja, na hatuwezi kuvuta moja bila nyingine kutikisika.

Wenzetu wa nchi jirani wanayo mafunzo. Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walilima, walikata, walichonga vinyago, walizaa watoto na wajukuu Kenya, lakini hawakuwa na kitambulisho, kwa hiyo hawakuwa na kura, wala akaunti, wala kazi ya halali. Oktoba 2016 walianza msafara kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais. Serikali ikaamuru wapewe vitambulisho, na Agosti 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Someni tena: wafanyakazi wa mashamba, bila silaha, kwa miguu yao. Walikuwa wamekwisha kuandika barua kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Zanzibar mambo yalikuwa mengine. Huko sheria ya 2005 ilianzisha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kisha kikatakiwa ili mtu aandikishwe kupiga kura, pamoja na sharti la kuwa amekaa katika jimbo kwa miezi 36. Anayethibitisha ukaazi ni sheha, na sheha huteuliwa na serikali, hachaguliwi. Mwaka 2009 uandikishaji ulipoanza Pemba, watu wengi walirudishwa kwa kukosa kitambulisho. Upinzani ulisema wananyimwa kwa makusudi, serikali ilisema hawakutimiza masharti, pakazuka vurugu na zoezi likasimamishwa kwa muda. Sisi tunaona hapa neno moja kubwa: ufunguo ulikuwa mikononi mwa nani.

Ng'ambo ya ziwa, Uvira na Kalemie, wamegeuza kibao. Kongo haina vitambulisho vya taifa vya kutosha, na sensa yake ya mwisho ni ya 1984. Kwa hiyo tangu 2005 kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha kusafiria na cha kila kitu. Watu hujiandikisha hata kama hawana haja na mgombea yeyote. Hata hivyo uchaguzi wa Desemba 2023 ulipokaribia, kadi nyingi zilikuwa zimefutika maandishi kwa ubovu wa uchapaji, wenye kadi wakapanga foleni upya kutafuta nakala.

Wala msidhani ni matatizo ya nchi maskini tu. Uingereza ilianza kudai kitambulisho chenye picha Mei 2023, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji, na watu wasiopungua 14,000 walirudi bila kupiga kura. Kadi ya basi ya wazee ilikubaliwa, ya vijana haikukubaliwa. Texas, Marekani, sheria ya 2011 ilikubali leseni ya kubeba bastola ikakataa kadi ya mwanafunzi wa chuo. Ukitaka kujua sheria inampendelea nani, usisome utangulizi wake. Soma orodha ya karatasi zinazokubaliwa.

Wapo watakaotuuliza: je, mnataka kila mtu apige kura bila kujulikana? Hapana. Mwaka 2014, wakati wa uandikishaji wa uchaguzi wa 2015, vyama vya upinzani na mashirika ya kiraia yalilalamika kwamba kuna watu wanaogawiwa vitambulisho zaidi ya kimoja. Kura ya mtu mmoja ikipigwa mara mbili, imefuta kura ya mfanyakazi mmoja mahali fulani. Tunataka kila mtu ajulikane, mara moja, bure, na karibu na kwake.

Tena karatasi inaweza kugeuzwa fimbo kwa upande mwingine. Kabla ya kura ya maoni ya Mei 2018, shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu walikuwa wakidaiwa risiti ya kujiandikisha na viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala, na wasio nayo wakatishwa. Mwaka 2024 habari za namna hiyo zilisikika tena, za watu kuombwa risiti sokoni. Kuandikishwa ni haki yako, si tiketi ya kununulia mchele.

Kuna na swali ambalo vijana wetu walituuliza usoni: viti vyote 100 vilivyogombewa vya bunge vilikwenda chama kimoja tarehe 5 Juni 2025, basi karangamuntu ina kazi gani? Ni swali la haki na hatutalikimbia. Jibu letu la kwanza ni kwamba tarehe 25 Agosti mwaka huo huo ilipigwa kura ya milima, ambamo wagombea husimama kwa majina yao, si kwa chama. Kiongozi wa mlima ndiye anayekutia sahihi unapotafuta karatasi, ndiye anayesikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyekosa kitambulisho hakumchagua, na sasa anamwendea kuomba. Jibu la pili lina urefu, tutalipa somo lake.

Na sisi wenyewe? Katika uchaguzi wa wajumbe wetu tuliwahi kudai kadi ya chama yenye stempu za miezi yote. Vibarua, ambao kazi yao hukatika, hawakuwa nazo, wakasimama nje ya ukumbi wakituangalia. Tulifanya yale yale tunayolaumu. Sharti hilo tumeliondoa. Sasa inatosha mtu kujulikana na wenzake watatu wa kundi lake la kazi.

Uchaguzi wa rais unatarajiwa 2027, na uandikishaji hutangazwa ghafla na kwisha upesi. Kwa hiyo tawi limeamua mambo haya. Kila kundi la kazi litaandika nani ana karangamuntu, nani hana, na ya nani ina kosa la jina. Wasio nayo watakwenda komini kwa pamoja siku moja iliyopangwa, na wenzao watawashikia kazi. Mwenye kupewa siku hiyo atatoa nakala moja na kuiweka kwa katibu. Na yeyote ambaye kitambulisho chake kimeshikwa na msimamizi wa kazi, mwenye nyumba au mwenye duka, aje atuambie mapema, tena kwa siri akitaka. Mfuko wa kusaidiana utalipa deni dogo kitambulisho kirudi, naye atalipa mfuko polepole.

Maswali ya kuzungumza katika makundi:

Ni nani katika kundi lenu hana karangamuntu, na alikwamia hatua gani?

Kwa nini Wamakonde walifanikiwa kwa miguu baada ya barua nyingi kushindwa?

Jirani yako aliyerudi kutoka Ulyankulu anakuomba ushahidi, na wewe unalima kando ya shamba la baba yake. Utasema nini mbele ya karani?